Sekunde Tatu

Ghorofa ya kumi na moja, Gachibowli, Hyderabad.
Tunaingia kwa kadi, watu elfu tisa,
kila kadi ina picha ya mtu aliyekuwa mwembamba kidogo.
Chakula ni bure: dosa moto, mapapai yaliyokatwa,
kahawa inayojitengeneza yenyewe.
Mwezi wa kwanza nilimpigia mama Warangal, nikamtajia vyote.
Akasema, "Kumbe wanakulisha. Na kazi?"

Kazi, mama.
Mwaka mzima nimekuwa na kitufe.
Si kukitengeneza, kilikuwepo.
Nimekisogeza.
Kimekwenda kushoto upana wa punje ya mtama,
na kabla hakijaenda palikuwa na mikutano arobaini na mitatu,
na mtu wa Dublin, na mtu wa São Paulo akipiga miayo,
na mwanasheria.
Kinabonyezwa mara milioni mia mbili kwa siku.
Hakuna hata mmoja aliyeuliza: nani kakisogeza?

Juni wakanipa nyumba nyingine ya kufagia,
msimbo wa malipo, mkongwe kuliko meza zetu,
ulioandikwa na mikono ambayo mingi imeshaondoka.
"Kisichofanya kazi kitoe," alisema Phanindra, meneja wangu.
Nikafagia. Nilifurahi, nisiseme uongo.
Kufuta kuna utamu ambao kuandika hakuna.

Hadi mstari ule.
Ulikuwa unaiambia mashine: subiri sekunde tatu.
Basi. Isubiri nini, haukusema.
Juu yake mtu alikuwa ameacha neno:
"Usiufute. Hata mimi sijui kwa nini. Mallesham."

Nikamtafuta katika orodha ya wafanyakazi.
Jina lipo, picha imegeuka kivuli cha kijivu.
Jabbaruddin wa ulinzi ndiye aliyemkumbuka:
alikuja Jumanne na mkebe wake wa chakula,
kadi ikagoma getini, taa nyekundu,
akaigusisha tena, na tena, kwa upole,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.
Barua pepe ilikuwa imemfikia alfajiri. Hakuwa ameisoma.

Sekunde tatu, mara milioni mia mbili.
Nilipiga hesabu: miaka kumi na tisa, kila siku,
ya watu kukodolea macho kiduara kinachozunguka.
Nikaufuta.
Wakaguzi wakaweka alama ya kijani.
Phanindra akanitumia picha ya keki.

Saa nane na dakika arobaini usiku simu ya zamu ikalia,
mlio ambao hata mbwa wa jirani ameshaujifunza.
Malipo yameanguka. Si yote, ya kisiwa kimoja,
benki moja, yenye seva moja chakavu
ambayo ikiulizwa swali hutafuta miwani kwanza.
Sekunde ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu ndiyo inajibu.
Huko kulikuwa mchana. Niliwaza watu kaunta ya duka la dawa,
chupa mkononi, mashine ikiwakatalia mbele ya foleni.
Nikaurudisha mstari nikiwa sakafuni jikoni,
kompyuta juu ya gunia la mchele.

Kesho yake tuliandika ripoti isiyomlaumu mtu.
Jina langu limo mara sita.

Chini ya neno la Mallesham nikaongeza langu:
benki ipi, kisiwa kipi, kwa nini tatu na si mbili.
Mwisho nikaweka: "Mallesham alikuwa sahihi."
Mkaguzi akaiondoa sentensi hiyo,
akasema haielezi msimbo.
Mengine akayaacha. Nikatia sahihi, Sravanthi,
nikaifuta, nikaiandika tena.

Siku hizi kila asubuhi pale getini
nagusisha kadi, nasimama.
Moja.
Mbili.